Fyuzi Mfukoni mwa Fundi

Mkuu wa kituo alikuwa ameshafunga jalada. Alilitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika MAHAKAMANI kwa kalamu nene, kisha akamwambia Inspekta kwamba kesi nyepesi kama hii hajaiona tangu aanze kazi. Fundi wa elektroniki amekutwa jana jioni amekufa karakanani, nyuma ya duka la vyombo vya umeme, kisogo kimepasuliwa. Aliyekutwa naye ni mteja mmoja, mchomeleaji wa vyuma, kampakata maiti, damu mpaka kwenye viwiko. Na mteja huyohuyo juzi alisimama kwenye kaunta ya duka lile akapiga kelele mbele ya watu kwamba mama yake amekufa kwa sababu yao, na watalipa. Sasa mtu anataka nini zaidi ya hapo, aletewe na mkanda wa video?

Inspekta hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Kituo kizima walimwita Pilipili, ila si mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na hasira zake hazikuwa za kupiga meza. Zilimpanda taratibu kama maji kwenye sufuria, na mwenye akili alijua wakati wa kusogea.

"Kilichompasua fundi ni nini?" aliuliza.

"Kitu kizito chenye pembe. Daktari kaandika."

"Kiko wapi?"

"Kakitupa."

"Kakitupa saa ngapi, Mkuu? Mlinzi kamkuta kampakata mtu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaita watu waje. Alikitupa kwa mguu?"

Mkuu aliguna. Inspekta akamwaga mezani mfuko wa plastiki wenye vitu vya marehemu. Funguo, leso, na fyuzi moja ndogo ya kioo, mpya, bado iko kwenye kifuko chake. Mkuu alisema fundi wa umeme kuwa na fyuzi ni sawa na kinyozi kuwa na wembe. Inspekta akasema sawa, lakini kule karakanani kuna droo nzima ya fyuzi, na hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kifungo kimefungwa juu yake. Kitu kilichojaa kwenye droo mtu hakifungii kifungo. Aliitunza kwa kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo aliyotaka kuijua.

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Gari la mahakama lingeondoka baada ya chakula cha mchana, naye hakukusudia kulichelewesha kwa ajili ya fyuzi. Inspekta akamkumbusha habari ya dada wa mchomeleaji, aliyekaa kwenye benchi nje tangu kumekucha. Mazishi ya mama yao ni alasiri ya leo. Mchomeleaji ndiye mtoto wa kiume pekee, na akipanda lile gari, mama atazikwa huku mwanawe akisomewa mashtaka.

"Nipe mpaka gari liwashe injini," alisema.

Mkuu akampa, kwa uso wa mtu anayetoa sadaka asiyoitaka.

Mahabusu, mchomeleaji alikuwa amekaa sakafuni. Shati lake la damu lilishakuwa kielelezo, kwa hiyo alivaa sweta la dada yake lililomfika kwenye viwiko. Alikuwa na mikono mikubwa yenye makovu ya cheche, na alikuwa akiitazama kama kitu cha mtu mwingine. Inspekta alichuchumaa mbele yake, akamwambia aeleze yote toka mwanzo, na asiruke kitu kwa kudhani hakina maana.

Mama yake alikuwa mgonjwa wa mapafu. Watoto walijikusanya, wakamnunulia mashine ya kutengeneza oksijeni, ile ya kuchomeka ukutani na mrija unaingia puani. Mama mwenyewe ndiye aliyeshikilia wanunue na waranti ya nyongeza. Alisema vitu vya umeme havina adabu, bora walipe mara moja walale usingizi. Ile waranti ya kawaida ya mwaka wa kwanza ikapita bila tatizo. Mwezi uliofuata mashine ikazima ghafla, haiwaki hata taa. Wakaipeleka dukani na kadi yao mkononi, wakakaa wanasubiri. Walikodi mitungi ya gesi huku na huku. Kila wakipiga simu wanaambiwa fundi anaishughulikia. Mwisho wakaambiwa mashine imeingia maji, na maji hayamo kwenye waranti. Usiku wa siku ileile mtungi uliisha, na mama hakufika hospitali.

"Mliimwagia maji?" Inspekta aliuliza.

"Afande, mashine ile ilikaa juu ya meza yake pekee, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hata chai tulikuwa tunanywea chumba kingine."

"Fundi ulikuwa unamjua?"

"Simjui. Nimemwona jana asubuhi tu. Alinifuata kibandani kwangu, hajanipigia, alikuja mwenyewe."

"Alisema nini? Maneno yake, si ya kwako."

Mchomeleaji alifumba macho kidogo ili ayapate vizuri. "Alisema, pole kwa mama. Njoo jioni, mlango wa nyuma, kuna jambo nataka ulione mwenyewe, maana nikikwambia kwa mdomo utadhani natia chumvi."

"Jambo gani?"

"Ndilo nililokwenda kuliona. Nikamkuta chini."

Alikuwa ameyasema hayo usiku kwa askari wa zamu, na askari wa zamu akaandika kwamba mtuhumiwa hana maelezo ya kueleweka. Inspekta alisimama, magoti yakalia. Damu ilikuwa imeshaanza kumchemka, lakini bado hakujua amchemkie nani.

*

Duka lilikuwa limefunguliwa kama kawaida. Mtu amekufa nyuma ya ukuta na mbele televisheni zote zinaonyesha maporomoko yaleyale ya maji, na kiyoyozi kinapuliza mtu hadi kwenye mifupa. Juu ya kaunta kulikuwa na bango kubwa la familia inacheka mbele ya friji: AMANI YA MOYO, MIAKA MITATU ZAIDI. Inspekta alilisoma mara mbili, na mara ya pili meno yakamsagika.

Koplo aliyeandamana naye, mtu mnene mpenda vitu vya dukani, alikuwa ameshanyanyua pasi ya umeme kuipima uzito. Hapohapo msichana wa kaunta akaanza kumweleza kuhusu waranti ya nyongeza, maneno yakimtoka bila yeye kuyasikiliza, macho mekundu kwa kulia. Inspekta akasogea.

"Hii pasi ni mbovu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni imara sana, haiharibiki."

"Sasa waranti ya nyongeza ya nini?"

"Ikiharibika."

Msichana alisikia alichokisema, akainamisha uso. Koplo akarudisha pasi mahali pake taratibu. Akafungua mdomo kusema jambo kuhusu televisheni ya nyumbani kwa Inspekta, ile iliyokataliwa kwa sababu hizohizo za maji, akatazamwa, akaufunga.

Meneja alikuja mikono imetanda. Mwanamume nadhifu, ananukia, kola wazi, uso wa huzuni aliouvaa vizuri. Alimwita Inspekta dada yangu. Inspekta akamwambia aseme afande. Alisema afande, bila kusitasita, akawaongoza kuelekea karakanani huku anasikitika njia nzima. Fundi alikuwa kama ndugu. Wafanyakazi wamepigwa butwaa. Je, karakana itaruhusiwa kufunguliwa lini?

Kando ya mlango wa karakana kulikuwa na rafu ya kioo yenye vikombe vya tuzo, vya shaba juu ya vitako vya jiwe jeusi. Kila kimoja kimechongwa jina la tawi na maneno Bingwa wa Waranti. Vilipangwa kwa mstari kama askari wa gwaride, ila katikati mstari ulikatika. Pale palipokatika vumbi lilizunguka mraba mmoja msafi. Juu ya rafu ilining'inia picha ya Meneja akipokea mojawapo, amevaa tai nyekundu yenye nembo ya kampuni.

Inspekta aliuliza tuzo hizo hupewa nani. Meneja alifurahi kuulizwa jambo analolipenda. Alisema hupewa tawi lililouza waranti nyingi na kulipia matengenezo machache. Kisha, kama mtu anayemfungulia mgeni siri ya mapishi, akaeleza kwamba biashara ya friji na televisheni haina faida kabisa, watu wanashindana bei hadi wanaumizana. Faida iko kwenye waranti. Kitu kibovu toka kiwandani kitakufa mwaka wa kwanza, na huo ni mzigo wa kiwanda. Kikipona mwaka huo kitaishi miaka, mpaka mwenyewe akichoke. Ile miaka ya katikati, inayolipiwa nyongeza, ni nadra kitu kufa.

"Kwa hiyo unawauzia watu mwavuli wa kiangazi," alisema Inspekta.

"Nawauzia amani ya moyo, afande."

"Na mvua ikinyesha kiangazi?"

Meneja alitabasamu. Inspekta akauliza kikombe cha katikati kiko wapi. Alijibiwa kimepelekwa kuchongwa jina. Alitazama vile vingine, vyote vimechongwa. Akauliza pia, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda, kama kampuni imefuta utaratibu wa tai, maana mlinzi anayo na mbeba mizigo anayo. Meneja akagusa kola yake. Joto, alisema. Koplo, aliyekuwa ameweka mikono kwapani kwa baridi ya kile kiyoyozi, alimtazama bila kupepesa.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye meza moja, taa ya kuinamisha, na mlango wa nyuma unaotoka uchochoroni. Doa lilikuwa bado lipo sakafuni. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya kizungu ya rangi ya maziwa, imegeuzwa mgongo, na juu yake mtu ameegemeza bisibisi. Kadi iliyofungwa kwa uzi ilikuwa na jina la mama wa mchomeleaji. Jana askari walilipiga picha doa wakaiacha mashine, kwani hakuna aliyepigwa na mashine.

"Hii ndiyo iliyoingia maji?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Inasikitisha."

"Nani aliifungua?"

"Marehemu mwenyewe. Aliifungua akaniita. Nimeona kwa macho yangu, ndani ni kutu tupu."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Kabla hatujawapigia simu."

Inspekta aliinamisha taa mpaka ikakaribia kuigusa. Kila skrubu ya mgongo wa mashine ilikuwa imetiwa tone la rangi ya kijani kiwandani, tone lililokalia nusu kichwa cha skrubu na nusu bati. Rangi ya namna hiyo ukizungusha skrubu hata kidogo inapasuka, na mtu hahitaji kusomea chochote kuona kama imepasuka au haijapasuka. Alipita moja baada ya nyingine kwa ukucha. Zote zilikuwa nzima. Vumbi lililojaa kwenye mifereji lilikuwa la zamani, limeshikamana.

Hakuna aliyeifungua mashine ile toka izaliwe.

Alibaki ameinama kwa muda, maana alijua akiinuka haraka atamtazama Meneja, na akimtazama atasema maneno ambayo wakili angeyatumia. Mama wa watu amekaa kitandani anavuta pumzi kwa kukodi, na mashine yake iko hapahapa, mgongo haujaguswa, huku mtu mwenye manukato anapiga simu kusema kutu. Alimwomba Koplo amrudishe Meneja mbele akaandike majina ya wafanyakazi. Koplo alielewa. Alimshika Meneja kiwiko kwa upole wa mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Msichana wa kaunta aliitwa. Inspekta alimfungia mlango, akampa kiti, akasubiri amalize kufuta pua.

"Vitu vya waranti ya nyongeza vikiletwa, mnafanyaje?"

Msichana alitazama mlango.

"Niangalie mimi," alisema Inspekta. "Fundi alikufa kwa ajili ya jambo hili, na kuna mtu anataka kumzika mama yake leo."

"Havifunguliwi," msichana alisema. "Vinakaa stoo. Baadaye tunapiga simu tunasema maji. Fundi alikatazwa kugusa bila ruhusa ya Meneja, na ruhusa haitoki. Hata ufunguo wa stoo anakaa nao Meneja."

Mengine yalimtoka yenyewe. Juzi, mchomeleaji alipopiga kelele kaunta, fundi alikuwa amesimama nyuma ya pazia na alisikia yote. Hakula siku hiyo. Jana alasiri Meneja alipokwenda benki akaacha funguo, fundi aliingia stoo akatoka amekumbatia mashine hii. Alimwambia msichana kwamba dalili alizoandika binti wa mgonjwa kwenye kadi ni za fyuzi, fyuzi tu, na kwamba ataifungua mbele ya mwenyewe ili ushahidi usiwe wake peke yake. Jioni, wakati wa kufunga, Meneja aliiona mashine mezani. Msichana aliwaacha wanabishana hapo mlangoni, pembeni ya rafu ya vikombe, akaenda zake nyumbani kwa sababu aliambiwa aende. Alipofika kwenye maneno hayo, alianza kulia upya, na Inspekta akamwacha alie.

Kwa hiyo mpaka hapo mambo yalikuwa yamepangika. Fundi aligeuka kurudi mezani kwake, mwingine akanyakua kilichokuwa karibu na mkono. Dakika chache baadaye mchomeleaji akaingia kwa mlango wa nyuma kuona jambo lake. Lakini kupangika si kuthibitika. Meneja angesema kikombe kiko kwa mchongaji, mchongaji angesahau, na gari la mahakama lingewasha injini. Kikombe kizito chenye kitako cha jiwe hakitoki dukani mbele ya mlinzi anayekagua mifuko ya kila mfanyakazi jioni, uchochoro wa nyuma askari walishaupekua wasione kitu, na usiku wote polisi walikuwa wamezunguka jengo. Basi kilikuwa humuhumu ndani.

Inspekta alijiuliza swali moja tu. Katika jengo hili, ni kitu gani ambacho mtu huyu ana hakika hakitafunguliwa kamwe?

Karibu acheke, kicheko kibaya.

Alimwomba Koplo alete ufunguo wa stoo. Meneja aliusindikiza ufunguo mwenyewe, anaongea mfululizo, anasema kule ni vumbi tu, ni mali za wateja, kuna taratibu za faragha. Mlango ulipofunguliwa taa iliwaka kwa kusitasita juu ya televisheni, redio, majiko, mafriji na mashine za kufulia, vyote vimefungwa kadi zenye majina ya wenyewe. Kadi nyingine zilishapauka. Kila kadi ilikuwa na mtu mahali fulani anayepiga simu na kuambiwa fundi anaishughulikia. Inspekta alizipita taratibu, na kadiri alivyozipita ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka.

"Vumbi lako limenisaidia sana," alimwambia Meneja.

Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu sawasawa, isipokuwa mashine moja ya kufulia iliyokuwa nyuma kabisa. Mlangoni pake, ule wa duara, kulikuwa na alama za vidole, mbichi. Inspekta alivaa glavu. Koplo alipiga picha, akapiga tena. Mlango ulifunguka kwa mlio mdogo, na ndani ya pipa ilikuwa imelala tai nyekundu yenye nembo, imezongwa kwenye kitu kizito. Kitako cha jiwe kilichungulia. Pembe yake ilikuwa imekaukiwa na damu na nywele.

Meneja ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Alitaka kuniharibia tawi," alisema. "Kwa fyuzi moja. Nilimwambia tumpe yule mtu mashine nyingine, nzuri zaidi, yaishe. Akakataa. Akasema na hizi nyingine zote je? Afande, unajua ni familia ngapi zinakula kwa ajili ya tawi hili?"

"Mama yake mchomeleaji unajua alikuwa anavuta nini?" Inspekta aliuliza. "Alikuwa anavuta hewa. Wengine unasema wanakula, yeye hata hewa hiyo ulimnyima."

"Mimi sikumuua yule mama."

"Habari ya yule mama sheria haitakuuliza, na hilo ndilo linaloniumiza roho. Wewe utaulizwa habari ya fundi. Geuka."

Pingu zilipofungwa, bango lilikuwa bado linacheka kule mbele. Inspekta alipita chini yake, akarudi nyuma hatua, akalishika pembe na kulichana kutoka juu hadi chini. Halikuwa kielelezo cha chochote. Koplo aliangalia pembeni, akazitazama pasi kwa makini.

*

Gari la mahakama lilikuwa limeshawasha injini. Mkuu alitazama kikombe, akatazama tai, akalifungua jalada lake mwenyewe bila kuombwa. Alikata neno MAHAKAMANI kwa mstari, akasaini karatasi ya kumwachia mchomeleaji, na, tumpe haki yake, alitoka mwenyewe kwenda kumwambia dada yake pale kwenye benchi. Hakuomba radhi, ila alimpa maji ya kunywa.

Mchomeleaji aliingia ofisini kwa Inspekta akiwa na lile sweta fupi. Mashine ya mama yake ilikuwa juu ya meza, imeletwa kama kielelezo. Alisimama mbele yake hakusogea. Dada yake alimwambia kaka twende, watu wanatungoja, mama anatungoja.

"Fundi aliniita nione jambo," alisema. "Nataka nilione kabla sijakwenda."

Inspekta alitaka kumwambia hapana. Alishajua litakuwa jambo gani, na alijua kuna mambo mtu akiyaona hayatoki tena machoni. Lakini jambo lilikuwa lake, lilishamgharimu fundi wa watu uhai. Alimwita Mkuu awe shahidi, akampa Koplo kamera, akatoa ile fyuzi kwenye mfuko wa vielelezo. Bisibisi alimwachia mchomeleaji.

Rangi ya kijani ilipasuka skrubu baada ya skrubu. Mgongo ulipotoka, ndani kulikuwa kukavu na kusafi kama siku iliyotoka kiwandani. Hakukuwa na kutu wala tone. Fyuzi ya zamani ilikuwa imeungua, kioo chake kimeingia weusi. Mchomeleaji aliichomoa kwa vidole viwili, vidole vilivyozoea vyuma vizito, akaitia ya fundi mahali pake. Koplo akachomeka waya ukutani.

Taa ikawaka. Mashine ikakohoa mara moja, kisha ikaanza kupumua, ndani, nje, ndani, nje, bila haraka yoyote.

Mchomeleaji aliuchukua mrija akauweka kwenye kiganja chake. Alikaa hivyo. "Inatoka," alisema, na dada yake akaliegemea kabati akateleza mpaka chini, akilia kwa sauti iliyowatoa askari kwenye vyumba vyao. Mkuu alivua kofia. Mwishowe mchomeleaji aliuweka mrija mezani polepole, akamwinua dada yake kwa mabega, na wakaondoka. Mkuu aliwatolea gari lake la kazi liwafikishe makaburini.

Mashine ilibaki inapumua. Koplo alinyoosha mkono kuizima, Inspekta akamzuia. Alichomoa waya mwenyewe, akaibeba mashine kifuani, nzito ilivyo, akapita nayo kwenye korido mpaka mahabusu. Aliiweka sakafuni mbele ya vyuma, akatafuta tundu la umeme, akachomeka. Ikakohoa, ikaanza tena.

Meneja alikuwa amekaa palepale alipokaa mchomeleaji asubuhi. Mwanzo alijifanya haisikii. Inspekta alivuta kiti akaketi, mikono imekunjwa, hakumuuliza hata swali moja. Mashine iliendelea. Baada ya muda Meneja alianza kujikuna shingo pale ambapo tai ingekuwa, akageukia ukuta, akageuka tena.

"Afande," alisema. "Naomba uizime."

"Vumilia," alisema Inspekta. "Ikiharibika niambie, ina waranti."